Rungwe imepimwa vya kutosha, sasa nayo ipime

Mkulima wa viazi wa Rungwe hahitaji kufundishwa maana ya kipimo, kwa kuwa ameijua kwa hasara. Sheria inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Hata hivyo, mnunuzi anapofika shambani na magunia yake, kamba yake na sindano yake, gunia hujazwa mpaka shingoni, kisha hushonewa kilemba juu yake, na bei hubaki ileile ya gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa. Shambani hakuna mizani. Mizani iko sokoni mjini, ambako viazi vilevile huuzwa kwa kilo na mtu yuleyule aliyevinunua kwa kukadiria.

Mambo hayako tofauti sana kwa mazao mengine. Maziwa yakifika kwenye kituo cha kukusanyia hutumbukizwa kipimo ili ijulikane kama yameongezwa maji. Majani mabichi ya chai hupimwa uzito kwenye kituo cha kununulia kabla ya kupakiwa kwenda kiwandani. Parachichi la Hass linalokwenda nje ya nchi hukatwa kipande, kikakaushwa na kupimwa uzito uliobaki, ili ijulikane kama tunda limekomaa. Kila mahali kuna chombo, kuna anayekisoma, na kuna anayesubiri kuambiwa. Mara nyingi anayesubiri kuambiwa ni mkulima.

Somo la hayo ni moja, na kila mfanyabiashara mdogo wa Tukuyu analijua: mwenye mizani ndiye mwenye bei. Somo hilo linastahili kukumbukwa pia katika jambo ambalo kwa kawaida halizungumzwi vijiweni wala sokoni, nalo ni utafiti wa kisayansi. Kwa miaka mingi watafiti wa ndani na nje wamepanda na kushuka milima ya Rungwe. Wamechukua vipande vya ngozi na matone ya damu ya watu wake, wamehesabu kima wa msitu wake, wamezibua matope ya chini ya maziwa yake, na wamesikiliza mitetemo ya ardhi yake. Kazi hizo zina manufaa makubwa na hakuna sababu ya kuzibeza. Swali ni je, majibu yanarudi kwa nani, na kwa lugha gani?

Hoja inayofaa kujadiliwa na madiwani, vyama vya ushirika na wananchi wa wilaya hii ni kwamba Rungwe imepimwa vya kutosha na watu wengine, na wakati umefika nayo ishike kipimo. Afya ya watoto wake, mapato ya utalii na usalama wa watu kwenye miteremko ya volkano vinategemea jambo hilo kuliko inavyodhaniwa.

Usubi na fimbo yenye alama

Tuanze na afya, maana huko ndiko Rungwe ilikokwisha kutoa mfano mzuri. Mjini Tukuyu kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Kuwapo kwake kunahusiana na mvua na mito. Nzi mdogo mweusi anayeeneza ugonjwa wa usubi huzaliana kwenye maji yaendayo kasi, na maji ya namna hiyo hayakosekani katika mito kama Kiwira na Mbaka. Nzi huyo akimuuma mgonjwa hubeba minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, na akimuuma mwingine humwachia. Mgonjwa huwashwa usiku na mchana, ngozi hukakamaa na kubadilika rangi, na ugonjwa ukifika machoni unaweza kumpofusha. Mtu anayewashwa usiku kucha halimi vizuri kesho yake, kwa hiyo huu ni ugonjwa wa mfukoni pia.

Dawa yake ni ivermectini. Wafugaji wengi wanaijua kwa sura nyingine, yaani sindano ya ng'ombe ya kuua minyoo na wadudu wa ngozi. Dawa ya mifugo isitumiwe na binadamu, lakini asili ni moja. Ilitokana na kijidudu kilichopatikana kwenye udongo wa Japani, na wanasayansi wawili walioshiriki kuigundua, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kuwa itaitoa bure kwa ajili ya usubi kwa kadiri itakavyohitajika.

Kupata dawa bure ni jambo moja, na kuifikisha kwenye kitongoji kisichofikiwa na gari wakati wa masika ni jambo jingine. Mpango uliotumika katika ukanda wa Tukuyu na kwingineko Afrika ulikuwa rahisi: wanakijiji wenyewe wachague wagawa dawa miongoni mwao. Mgawa dawa hakupewa mashine. Alipewa daftari na fimbo yenye alama. Mtu husimama kando ya fimbo, urefu wake ukaonyesha idadi ya vidonge, akameza mbele ya mgawaji na jina lake likaandikwa. Kila mtu aliyekuwapo aliweza kuiona fimbo na kujua kwa nini baba amepewa vidonge vingi kuliko mtoto. Hapo kipimo kilikuwa mikononi mwa kijiji, na ndiyo sababu moja kubwa iliyofanya kazi hiyo idumu kwa miaka.

Ila ivermectini haimalizi mnyoo mkubwa unaoishi mwilini kwa miaka 10 hadi 15. Huua watoto wake na kuuzuia kuzaa kwa muda. Kwa hiyo dawa inabidi imezwe mwaka hadi mwaka mpaka minyoo mikubwa ife kwa uzee. Hapo ndipo lilipo swali gumu: itajulikanaje kwamba ugonjwa umekwisha na dawa inaweza kusimamishwa?

Zamani jibu lilipatikana kwa kukata kipande kidogo cha ngozi na kukitazama kwa hadubini. Njia hiyo huuma, na minyoo ikipungua huikosa kwa urahisi. Njia ya sasa ni tone la damu la kidole, ambamo hutafutwa alama ambayo mwili huitengeneza unapopambana na mnyoo wa usubi. Kipimo cha alama hiyo wataalamu hukiita Ov16. Mwaka 2015 watafiti walikitumia kipimo hicho katika ukanda wa Tukuyu kutathmini matokeo ya miaka ya kugawa dawa.

Kinachopimwa zaidi ni damu ya watoto wenye umri chini ya miaka 10. Mzee anaweza kubeba alama ya ugonjwa wa zamani, lakini mtoto mdogo akiwa nayo maana yake ni kwamba nzi bado anaeneza ugonjwa hivi sasa. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 unataka wenye alama wawe chini ya mtoto mmoja katika kila watoto 1,000 kabla dawa haijasimamishwa. Ili kufikia uhakika wa namna hiyo, lazima wapimwe watoto kwa maelfu.

Maelfu ya watoto ni maelfu ya wazazi wa kuridhia. Mzazi ambaye damu ya mtoto wake ilichukuliwa miaka michache iliyopita, na ambaye hakuna aliyerudi kumweleza kijiji chake kilionekanaje, ana haki ya kuuliza damu ile ilikwenda wapi. Asipojibiwa, atajijibu mwenyewe, na vijiweni hakukosi majibu. Wazazi wa namna hiyo wakiwa wengi, hesabu haitatimia. Dawa ikisimamishwa mapema kwa hesabu pungufu, usubi utarudi. Ikiendelea kutolewa kwa kukosa hesabu, fedha na nguvu zitapotea bure. Kazi ya miaka mingi inaweza kukwamia hapo, kwa sababu tu watu hawakuambiwa.

Panya wa Morogoro

Wapo watakaosema kwamba teknolojia ya kupima ni mali ya nchi tajiri na kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kuishika. Mfano wa kulijibu dai hilo uko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na unahusu mnyama ambaye wakulima wengi humtegea mitego.

Shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, lilihamishia kazi yake chuoni hapo mwaka 2000. Wazo lilikuwa kumfundisha panya buku kunusa baruti. Panya huyo ana pua kali, huishi miaka kadhaa, na ni mwepesi kiasi kwamba akikanyaga bomu lililofukiwa ardhini halilipuki. Hufundishwa kwa ndizi na karanga: akinusa sawasawa hupata, akikosea hapati. Panya kutoka Morogoro walipelekwa Msumbiji, nchi ambayo mwaka 2015 ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu yote ya ardhini yaliyojulikana. Mwingine aliyeitwa Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini 71 pamoja na mabaki mengine ya silaha, na mwaka 2020 shirika moja la Uingereza lilimpa nishani ya dhahabu ya ushujaa wa wanyama. Alikufa Januari 2022.

Pua ileile iligeuzwa kuwa kipimo cha hospitali. Panya hao hunusishwa makohozi ili kubaini kifua kikuu. Panya mmoja huweza kupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, kazi ambayo mtaalamu mwenye hadubini huifanya kwa siku kadhaa. Panya peke yake hamtangazi mtu kuwa mgonjwa. Sampuli anayoitilia shaka hurudiwa kwa kipimo kinachotambuliwa, na mgonjwa aliyekuwa amekosekana kliniki hutafutwa aanze dawa. Katika miaka ya karibuni shirika hilo limewafundisha pia kunusa magamba ya kakakuona, meno ya tembo na mpingo, kwa nia ya kuwabana wasafirishaji wa magendo bandarini.

La kuzingatiwa hapa ni mahali kazi inapofanyika na wanaoifanya. Wafundishaji wa panya hao ni vijana wa Kitanzania, maabara iko Morogoro, na wageni hufika kutazama na kulipa. Mnyama mmoja aliyedharauliwa amezaa teknolojia ya usalama, ya tiba na hata kivutio cha wageni. Hayo yaliwezekana kwa sababu kipimo kilijengwa hapahapa, kikasomwa hapahapa. Sampuli za Morogoro zingesafirishwa zote kwenda Ulaya, Tanzania ingebaki na panya tu.

Kipunji na matope ya Masoko

Rungwe nayo ina mnyama wake. Mwaka 2003 watafiti wa shirika la kuhifadhi wanyamapori la WCS, wakiongozwa na Tim Davenport, walikuwa wakizungumza na wawindaji wa Kinyakyusa juu ya wanyama wa Mlima Rungwe. Wakasikia habari za kima mwenye haya, anayeishi juu mitini, aitwaye kipunji. Katika vitabu vya sayansi kima huyo hakuwamo. Walimtafuta wakamwona mwaka huohuo, na mwaka 2005 dunia ikatangaziwa kuwa kima mpya amegunduliwa. Katika mwaka uliofuata alipewa jina la ukoo wake mwenyewe, Rungwecebus, kwa heshima ya mlima. Ulikuwa ni ukoo mpya wa kwanza wa kima kutambuliwa Afrika baada ya miaka 83. Na uthibitisho huo ulipatikanaje? Kutokana na kipunji mmoja aliyenaswa na kufa kwenye mtego wa mkulima, katika shamba la mahindi.

Kwa hiyo jina lilikuwa la wenyeji, habari ilikuwa ya wawindaji, na mwili wa mnyama ulitoka kwa mkulima. Neno "kugunduliwa" lina ukweli wake kwa upande wa sayansi, na watafiti hao wenyewe walieleza wazi kwamba waliambiwa na wenyeji. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 iliwapata kipunji 1,117 tu, katika misitu ya Rungwe na Kitulo na ile ya Udzungwa. Mwaka 2009 msitu wa Mlima Rungwe ulipandishwa hadhi na kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Mkulima wa pembezoni mwa msitu alipata mpaka mpya na masharti mapya. Je, alipata na sehemu ya biashara?

Biashara hiyo ipo. Barabara ya lami kutoka Mbeya kwenda Kyela inapita katikati ya Tukuyu. Ndani ya mwendo wa siku moja mgeni anaweza kuona Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira, Ziwa Ngosi, misheni ya Kimoravian ya Rungwe iliyoanzishwa mwaka 1891, mji wa Tukuyu ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg, na Ziwa Masoko ambako walikuwa na kambi ya kijeshi. Kinachomfanya mgeni alale usiku mmoja zaidi, ale kwa mama lishe na akodi bodaboda ni kupata cha kusikia na cha kuelewa. Mtalii hanunui maji ya ziwa. Hununua habari za ziwa.

Masoko inatosha kuwa mfano. Wenyeji husimulia habari za Wajerumani walioacha mali na silaha ndani ya ziwa, na simulizi hiyo huwavutia wengi. Ila chini ya maji hayo iko hazina nyingine ambayo haina shaka. Masoko ni ziwa la kreta, halina mto unaotoka ndani yake, na matope yake yamelala tabaka juu ya tabaka bila kuvurugwa. Katika miaka ya 1990 watafiti wa kutoka Ulaya walitoboa matope hayo makumi ya mita kwenda chini. Ndani yake walikuta chavua za mimea ya kale, mabaki ya viumbe vidogo vya majini na majivu ya volkano, kumbukumbu ya zaidi ya miaka 40,000. Kwa kuisoma waliweza kueleza ni vipindi gani mvua ilizidi na vipindi gani ukame ulitawala.

Kwa mkulima wa Rungwe, ambaye chai yake na migomba yake inaishi kwa mvua, hiyo si habari ya makumbusho. Ni historia ya mtaji wake. Hata hivyo, habari hiyo iliandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa katika majarida ambayo mwalimu wa sekondari ya kata hayaoni. Kibao kimoja kando ya ziwa, chenye mchoro wa tabaka hizo na maelezo ya Kiswahili, kingempa kijana anayetembeza wageni somo la nusu saa. Nusu saa ya maelezo mazuri ina bei yake, na hiyo ndiyo tofauti ya mtembezaji anayelipwa kwa ujuzi wake na anayepewa chochote kwa huruma.

Ardhi inayopumua

Lipo pia suala la usalama, ambalo huko Rungwe halihusu wezi peke yao. Udongo unaomfanya mkulima wa wilaya hii aonewe wivu na wenzake ulitoka tumboni mwa milima. Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu kubwa karibu miaka 4,000 iliyopita na kumwaga mawe mepesi yenye vitundu. Mlima Kyejo ulitoa mtiririko wa lava kiasi cha miaka 200 tu iliyopita. Milima hiyo imelala. Haijafa.

Dalili moja ya uhai wake ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini. Katika eneo la Ikama, Busokelo, gesi hiyo imekuwa ikivunwa na kampuni ya TOL na kuuzwa kwa watengenezaji wa vinywaji. Soda yenye kutoa povu mjini inaweza kuwa na pumzi ya Rungwe ndani yake. Ni biashara halali na yenye faida. Lakini gesi hiyohiyo haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, na mahali inapotoka yenyewe hutuama kwenye mabonde na mashimo, hasa asubuhi ambapo hakuna upepo. Mbuzi au mtoto akiingia kwenye bonde la namna hiyo anaweza kukosa hewa kabla hajajua kinachomtokea. Mwaka 1986 nchini Kamerun, gesi ya aina hiyo ilifoka kutoka Ziwa Nyos, ambalo ni la kreta, ikaua watu wapatao 1,700 kwa usiku mmoja. Maziwa hayafanani, na tukio la Nyos lisichukuliwe kuwa utabiri kwa Rungwe. Lakini namna ya kujua ziwa fulani lina hali gani ni moja tu: kulipima, na kuendelea kulipima.

Vipimo vimewahi kuwekwa. Kati ya mwaka 2013 na 2015 watafiti walifukia vyombo vya kusikiliza mitetemo ya ardhi kuzunguka kaskazini ya Ziwa Nyasa na milima ya Rungwe. Muda wa mradi ulipokwisha, vyombo viliondolewa, kama kawaida ya miradi. Kitaalamu kazi ilikamilika. Kwa mwananchi, sikio lililokuwa limetegwa ukutani lilichukuliwa na mwenyewe.

Chombo cha mkononi cha kupima gesi si kitu cha ajabu, kwani hutumika migodini na viwandani duniani kote. Kijana anayewapeleka wageni kwenye kreta na chemchemi za moto, akiwa na chombo hicho na mafunzo ya wiki moja, anakuwa mtembezaji na mlinzi kwa wakati mmoja. Mgeni atakuwa na imani naye. Mchungaji wa jirani atajua bonde gani asipeleke ng'ombe alfajiri. Hapo utalii, utafiti na usalama vimekutana kwenye mkono wa mtu mmoja, mwenyeji wa hapohapo.

Mlango wa kutokea hauna bawabu

Yako maneno ya upande wa pili, nayo yasikilizwe. La kwanza ni kwamba utaratibu upo. Mtafiti hupata kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), utafiti wa afya hupitishwa na NIMR kwa maadili, na barua hufika wilayani kabla kazi haijaanza. Hiyo ni kweli. Lakini utaratibu huo una nguvu zaidi mtafiti anapoingia. Mlango wa kuingilia una bawabu, na mlango wa kutokea hauna. Ripoti inaweza kufika kwenye ofisi na ikakaa kabatini, na kijiji kikabaki hakijui lolote.

La pili ni kwamba majibu ya kisayansi yanaweza kutia hofu au kumwaibisha mgonjwa. Nalo ni kweli, na siri ya mgonjwa lazima ilindwe. Lakini kuueleza mkutano wa kijiji kwamba "watoto wa hapa walipimwa wangapi na wenye alama walikuwa wangapi" si kumtaja mtu. Mfugaji anapoambiwa kuwa maziwa yake yameonekana na maji hakimbii ufugaji. Huanza kumwangalia vizuri mtoto anayetumwa na ndoo.

La tatu ni fedha. Halmashauri zina mahitaji mengi, kuanzia madawati hadi barabara za vijijini. Hata hivyo, kinachopendekezwa hapa hakihitaji bajeti kubwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi halmashauri za Rungwe na Busokelo zianze na daftari. Kila mtafiti anayefika aandikwe anatoka wapi, amechukua nini, katika kijiji gani, na majibu yataletwa lini. Daftari hilo lisomwe kwenye baraza la madiwani kama yanavyosomwa mapato ya ushuru wa mazao, na asiyerudi ajulikane.

Jambo la pili, bajeti ya kila mradi iwe na fungu la kurudisha majibu: tafsiri ya Kiswahili ya ukurasa mmoja au miwili, na nauli ya kumleta mtafiti kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Ikilinganishwa na gharama ya tiketi za ndege na magari ya miradi, fungu hilo ni dogo. Likiwekwa kuwa sharti kabla kazi haijaanza, hakuna mtafiti makini atakayelikataa, na walio wengi watalifurahia, maana hata wao hupenda kazi yao ijulikane.

Jambo la tatu, vijana wa kijiji wasitumiwe kubeba mizigo na kuonyesha njia peke yake. Wafundishwe kupima: kukamata nzi mtoni na kuwahesabu, kusoma kipimo cha gesi, kuandika mvua ya kila siku, kuhesabu kipunji wanaoonekana. Walipwe kwa kazi hiyo, na mradi unapokwisha, chombo kimoja kibaki shuleni au kwenye ofisi ya kijiji pamoja na mtu anayejua kukitumia. Wafanyabiashara wa Tukuyu wenye nyumba za wageni, migahawa na magari wana sababu ya kuchangia hili, kwa kuwa kila siku ambayo mgeni anaiongeza ni mauzo kwao.

Vyama vya wakulima vinaweza kuongoza njia. Wakulima wa chai wa Rungwe wamewahi kuonyesha kwamba wakiungana wanaweza kukaa meza moja na mwenye kiwanda na kuuliza juu ya mizani na bei. Nguvu ileile inaweza kutumika kuuliza juu ya damu ya watoto wao na matope ya ziwa lao. Si kwa ugomvi, bali kwa sauti ya mshirika anayejua kwamba bila yeye utafiti wenyewe usingefanyika.

Siku moja kutakuja tena timu ya afya na masanduku yake, itakaa chini ya mti kwenye shule ya msingi, na watoto watapangwa foleni kuchomwa kidole. Pengine hiyo ndiyo itakuwa foleni ya mwisho ya usubi katika ukanda wa Tukuyu. Mama aliyeshika mkono wa mwanawe ataamua kubaki kwenye foleni au kuondoka. Ikiwa ameona majibu ya mara iliyopita yamebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, kwa lugha anayoisoma, atabaki.